HARAKA HARAKA INA BARAKA ZAKE

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Mimi siwapingi wahenga, ila nadhani hawakuwahi kusikia wimbo wa panki wa dakika moja na nusu.

Panki ninayoitaja ni ile ya kundi la Ramones, vijana wanne kutoka Forest Hills, mtaa wa Queens, jijini New York. Walianza mwaka wa 1974. Wote walijiita Ramone kana kwamba ni watoto wa mama mmoja, kumbe hawakuwa ndugu hata kidogo. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka wa 1976 ikiwa na nyimbo 14, na ukizisikiliza zote mfululizo nusu saa haiishi. Kuirekodi kuligharimu kama dola 6,400 tu. Kundi lilivunjika mwaka wa 1996, na wale wanne wa kwanza wote wameshaaga dunia, wa mwisho akiwa Tommy mwaka wa 2014. Lakini waliowaiga ni wengi mno, hata mtindo wenyewe ukapewa jina lao, Ramonescore. Kundi la Screeching Weasel la Chicago liliimba upya ile albamu ya kwanza nzima, wimbo kwa wimbo.

Sasa utauliza, haya yanahusu nini jarida la Kiswahili hapa Wusi? Yanahusu sana. Kila tukisema tutunge wimbo wetu, jibu ni lile lile: hatuna kinanda, hatuna ngoma za kisasa, ngojeni. Jamani, tukingoja kinanda tutamaliza kidato cha nne tukiwa bado tunaimba nyimbo za watu wengine! Tena sisi ni wa shule ya kutwa. Ikifika jioni kila mtu anashika njia ya kwao, mmoja anapanda mlima, mwingine anateremka Mwatate. Wenzetu wa bweni wana usiku wa kufanyia mazoezi. Sisi tuna mapumziko ya saa nne tu, na chai inataka kunywewa. Wimbo wa dakika sita utaufanyia mazoezi mara ngapi hapo? Wa dakika moja na nusu unaurudia hadi unakolea.

Gitaa lake si gumu. Unahitaji kodi tatu (si ile ya serikali, ni zile nyuzi zinazopigwa pamoja), tuseme A, D na E. Johnny Ramone alikuwa akipiga nyuzi kwa kushuka chini tu, chini, chini, chini, bila kurudisha mkono juu. Hapo ndipo kazi ilipo. Jaribu kwa dakika mbili uone mkono unavyowaka moto. Hakuna kujionyesha katikati ya wimbo kwa vidole vingi. Na ngoma? Dawati. Nani hapa shuleni hajui kupiga dawati?

Maneno ndiyo niliyoyafikiria zaidi, na naona Kiswahili kimeumbiwa muziki huu. Kwenye ile albamu ya kwanza kuna nyimbo mbili ambazo majina yake yanaanza kwa kusema mtu hataki kitu fulani. Mwingereza anahitaji maneno kadhaa kusema hivyo. Sisi tunasema "sitaki", neno moja, silabi tatu, sentensi imekamilika. Hicho tayari ni kiitikio.

Kisha beti. Wanachama wa chama hiki tumefundishwa utenzi: vipande vinne, kila kimoja mizani nane, vitatu vya kwanza vina kina kimoja. Ukienda kwa mapigo 170 kwa dakika, mizani moja kwa pigo moja, kipande kinachukua sekunde tatu hivi, na ubeti mzima sekunde kumi na moja. Utendi wa Tambuka wa mwaka wa 1728 una beti zaidi ya 1,000. Sisi mbili zatosha. Tahadhari moja tu: mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pigo kubwa liangukie mizani ya saba, ya nane uiachie ianguke yenyewe. Wengi wanalazimisha pigo mwishoni, na wimbo unasikika kama unatafsiriwa. Huu hapa ubeti wangu, wa siku za mvua:

Sitaki tena kupanda,
nauli imeshapanda,
kwa miguu nitakwenda,
mwalimu nisubirie!

Halafu "sitaki" mara nne, basi, ubeti wa pili. Hata ukirudia kila kitu, dakika mbili hazifiki. Na mada ni yetu wenyewe. Nyimbo za shule siku zote ni za kuonya: dawa za kulevya, ukimwi, amani. Ni mambo mazito, sikatai, lakini nauli nayo si inatuuma?

Mtu mzima mmoja aliniambia hizo ni kelele za wazungu. Aisee, gitaa nalo lilikuja na nani? Fadhili William, Mtaita mwenzetu, alilishika na kurekodi Malaika kwa Kiswahili karibu mwaka wa 1960, na dunia nzima ikauimba. Nairobi kuna Crystal Axis, Waafrika weusi kama mimi, na panki wameipiga. Na kama ni kelele na kasi, majirani zetu wa Dar es Salaam wana singeli, iliyokulia Manzese na Tandale, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Ukilinganisha, Ramones ni watu wapole.

Basi ombi langu kwa mlezi na viongozi wa chama ni hili. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na huwa tunakariri mashairi, tunaigiza, tunahutubiwa kwa muda mrefu. Tupeni dakika mbili kati ya ngonjera na hotuba ya mgeni. Gitaa la kuazima lipo, ingawa halina waya wa sita. Waimbaji tuko watatu. Tunahitaji madawati mawili, ikiwezekana yale yaliyokuwa ya kidato cha kwanza, ndiyo yanayolia vizuri.