Shimo nalo hutoa ushahidi

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia amana za nyumbani: mali ya yatima, siri ya mke na mume, haki ya jirani. Leo tunaizungumzia amana iliyo chini ya nyayo zetu, nayo ni udongo wa miji ya wazee wetu.

Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Lamu, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walianza kuchimba magofu ya mji mwaka 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe walikuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine. Ya chini kabisa ilikuwa ya miti, na wa mwanzo wake umekadiriwa kuwa wa karne ya 8 Miladia, yaani karne ya 2 Hijria. Miti yenyewe ilikwisha kuoza. Kilichobaki ni alama za mashimo ya nguzo: madoa ya udongo wenye rangi tofauti na ule unaouzunguka.

Hebu tutafakari. Ushahidi kwamba watu walisujudu mahali hapo zaidi ya miaka 1,200 iliyopita ulikuwa madoa ya udongo. Jembe la haraka lingeyafuta kwa asubuhi moja.

Ndiyo maana wachimbaji wa fani hiyo huenda taratibu. Kila tabaka hupewa namba yake. Huandikwa rangi yake, ugumu wake na vilivyomo ndani yake. Huchorwa kwa vipimo na kupigwa picha kabla ya kuondolewa. Shimo nalo huandikwa peke yake. Kwani mtu wa zama za baadaye akichimba shimo la taka, hupenya matabaka ya waliomtangulia, na kigae cha bakuli lake huangukia kando ya vitu vya karne nyingi kabla yake. Asiyelitenga shimo hilo atamchanganya babu na mjukuu, na tarehe atakayoitoa itakuwa ushahidi wa uongo, ingawa hakukusudia.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Tumeamrishwa kuliandika deni na kuliwekea mashahidi, ili haki isipotee kwa kusahau. Na tabaka likishafukuliwa halirudi tena. Hubaki yale yaliyoandikwa tu.

Wapo miongoni mwetu wanaofukua magofu kwa kutafuta hazina, au kuchukua mawe ya kujengea. Tunawanasihi waache. Nasi wazazi tuwafunze watoto wetu kwamba kigae cha kale kiachwe pale kilipo. Na tukichimba msingi wa nyumba tukakuta ukuta wa kale au makaburi, tusimamishe jembe, tuwaarifu wahusika wa mambo ya kale. Anayefukua bila kuandika hula amana ya watoto ambao bado hawajazaliwa.

Wabillahi tawfiiq.