Mtihani wa Macho: Kila Kipimo kwa Zamu Yake

Kijana wa huku Chiwanda anayetaka kuwa mpima macho ana safari ndefu, toka ufukoni mwa Ziwa Nyasa hadi KCMC, Moshi, ambako kazi hiyo hufundishwa. Huko hukabiliwa na mtihani wa vitendo: mgonjwa yuko mbele yake, msimamizi anatazama, na saa inakwenda. Wengi hudhani mwenye mkono mwepesi ndiye atakayefaulu. Sisi wauguzi tunaona atafaulu yule ajuaye nini kitangulie na nini kifuate.

Kwanza ni kumwuliza mgonjwa shida yake. Kisha asome herufi za ubaoni, mita 6, jicho moja moja, kabla ya kumulikwa tochi, kwani jicho lililomulikwa huingiwa na kiwi. Baada ya hapo mboni humulikwa, kuona kama zinasinyaa sawasawa. Ndipo miwani hupimwa. Presha ya jicho hufuata, maana chombo kinacholigusa jicho chaweza kulitia ukungu. Matone ya kupanua mboni huwekwa mwishoni, ili nyuma ya jicho patazamwe vizuri. Yakiwekwa mapema, mboni hazisinyai tena kwa saa kadhaa na maandishi ya karibu hayasomeki vema. Kwa watoto mpangilio hubadilika: mara nyingi matone hutangulia miwani, ili misuli ya jicho ilegee.

Muda nao ugawanywe kabla ya kuanza. Matone huchukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi. Mwanafunzi mwerevu huandika majibu yake wakati huo. Kipimo kimoja kikimshinda, aendelee na kingine, akirudie nafasi ikipatikana. Kweli, haraka haraka haina baraka. Lakini anayemaliza muda wote kwenye miwani hatafika nyuma ya jicho, na huko ndiko dalili za glakoma huonekana. Ugonjwa huo mara nyingi hauumi, na uoni uliopotea haurudi. Mtihanini kosa hilo hupunguza alama. Kijijini laweza kumwacha mvuvi gizani.

Kwa hiyo tunaunga mkono walimu wanaomkata alama mwanafunzi aliyevuruga mpangilio, hata kama miwani aliyoandika ni sahihi.

Nanyi wazazi mna sehemu yenu. Mkienda kupimwa macho, msimharakishe mpimaji kwa kusema, "Nipe miwani tu, niende zangu." Mwambieni kama katika ukoo yupo mwenye glakoma, kwa sababu huweza kurithiwa. Chukueni miwani ya zamani na mtu wa kuwasindikiza, kwani baada ya matone macho hayastahimili jua, na kuendesha pikipiki ni hatari. Mkiona mpimaji anakwenda hatua kwa hatua, mvumilieni. Anawatafutia ugonjwa ambao ninyi wenyewe hamjauona.