Vibali vya China vya Madini: Kipi Kinagusa Vioo vya Runinga na Kipi Hakigusi

Tangazo la pamoja la Wizara ya Biashara na Mamlaka ya Forodha ya China la tarehe 4 Februari, 2025, liliweka sharti la kibali kwa baadhi ya bidhaa za tungsteni, teluri, bismuthi, molibdenamu na indiamu zinazouzwa nje ya nchi hiyo. Siku hiyohiyo ushuru wa nyongeza wa asilimia 10 wa Marekani dhidi ya bidhaa za China ulianza kutozwa. Kwa mnunuzi wa runinga au simu, majina mawili katika orodha hiyo yana uzito wa pekee: indiamu na molibdenamu.

Kioo cha LCD huundwa kwa mabamba mawili ya glasi yanayobana tabaka la fuwele kimiminika lenye unene wa mikromita chache. Fuwele hizo hugeuka zinapopata umeme, zikapitisha mwanga au kuuzuia. Umeme huo hauna budi kufikishwa na elektrodi ambayo yenyewe haizibi mwanga, sifa ambayo metali za kawaida hazina. Oksidi ya indiamu iliyochanganywa na oksidi ya bati, kwa kawaida asilimia 90 kwa 10 za uzito, inayo.

Nyaya nazo zina mashaka yake. Runinga ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, na kila pikseli imegawanywa sehemu tatu: nyekundu, kijani na buluu. Katika mpangilio wa kawaida hizo ni nyaya 11,520 za wima na 2,160 za mlalo, na kila zinapokutana pana transista, jumla zaidi ya milioni 24. Kadiri kioo kinavyopanuka, waya hurefuka, ukinzani huongezeka na ishara huchelewa kufika mwisho wa mstari. Kuupanua waya hakusaidii sana, kwa kuwa waya mpana huziba mwanga. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa vioo vikubwa walianza kuiacha alumini na kutumia shaba. Na kwa kuwa shaba haishiki vizuri kwenye glasi, chini yake hutandazwa kwanza tabaka jembamba la molibdenamu au titani.

Hata hivyo, tangazo lenyewe linapaswa kusomwa kwa makini. Kwa upande wa indiamu, lilitaja fosfidi ya indiamu pamoja na michanganyiko miwili ya kikaboni itumikayo katika viwanda vya semikondakta. Oksidi ya elektrodi haikutajwa. Kwa upande wa molibdenamu, lilitaja unga wa kutengenezea vipuri vya makombora. Aidha, kibali si marufuku. Wanaosema kwamba China imefunga njia ya malighafi za vioo wanalipa tangazo hilo maana lisiyokuwa nayo.

Hatari iliyopo ni ya aina nyingine. China husafisha zaidi ya nusu ya indiamu yote duniani, na indiamu haina migodi yake; hupatikana kama zao la ziada la usafishaji wa zinki. Bei ikipanda leo, hakuna mgodi wa indiamu utakaofunguliwa kesho. Ahueni iko katika urejeshaji: wakati wa kupaka glasi, sehemu kubwa ya malighafi haitui panapotakiwa, na viwanda vya Japani na Korea Kusini huikusanya na kuisafisha upya.