Kaka, hao Angus waache huku huku Texas

Samahani kwa ukimya, nilikuwa na zamu za usiku mfululizo na nikirudi asubuhi ninachotaka ni kitanda tu. Hata leo nisingeandika, ila kaka yangu wa Kongwa kanipigia simu na usingizi wote ukaisha.

Anataka kuuza ng'ombe wetu wa asili, wote 14, mimi niongezee dola, tununue dume la Angus na mitamba yake. Kasoma kwenye simu kwamba hiyo ndiyo nyama namba moja duniani. Wajomba nao wameshaafiki. Mimi nakataa, na nakataa hapa hadharani ili msije mkasema dada kawa bahili tangu aende Marekani!

Jamani, mimi ndiye ninayeishi na hao Angus. Njooni Texas mwezi wa nane, saa nane mchana. Angus mweusi utamkuta kasimama kivulini anahema, majani hayagusi. Wodini mgonjwa akiwa na homa ya 39 sahani inarudi kama ilivyokwenda, na ng'ombe ni hivyo hivyo: mwili ukishindwa kupoa, hamu ya kula inaondoka, na asiyekula hanenepi. Pembeni yake Brahman, mwenye nundu, ngozi legelege na manyoya mafupi, anakula zake bila wasiwasi.

Wenyewe Watexas hili walishalijua zamani. Pale King Ranch, kusini kabisa mwa jimbo, walikuwa na Shorthorn na Hereford kutoka Uingereza, joto na kupe vikawatesa. Wakachanganya Shorthorn na Brahman. Mwaka 1920 akazaliwa dume mmoja wakamwita Monkey, na kutoka kwake ukatengenezwa ukoo wa Santa Gertrudis, uliotambuliwa rasmi mwaka 1940: sehemu 5 kati ya 8 Shorthorn, 3 kati ya 8 Brahman. Brangus ni hesabu ile ile, Angus mahali pa Shorthorn. Sasa mwenye joto lake kaikimbia damu tupu ya Ulaya, wewe wa Kongwa unaikimbilia?

Hapa kaka atanijibu: nyama je? Sawa, ana hoja, na sitaificha. Damu ya Brahman ikizidi nyama inakuwa ngumu, na mafuta yale ya kutapakaa ndani ya mnofu yanapungua. Kuna chapa ya nyama huku inaitwa Certified Angus Beef, mzoga ukiwa na nundu inayozidi inchi 2 hawaupokei. Lakini nundu zote si sawa! Miaka ya 1990 kituo cha utafiti cha serikali huko Nebraska kilichukua mbegu za Boran, Boran huyu huyu wa kwetu Afrika Mashariki, wakalinganisha chotara wake na wa Brahman. Nyama ya chotara wa Boran ilikuwa laini zaidi. Wazungu wanatafuta damu ya Boran, sisi tunataka kuuza ng'ombe tununue yao.

Halafu tuseme ukweli, ile nyama ya mnadani inayotutoa meno kosa lake si ukoo. Maksai anauzwa akiwa na miaka sita au saba, anachinjwa usiku, asubuhi iko buchani bado ya moto. Huku anachinjwa kabla hajatimiza miaka miwili na nusu, nyama inakaa kwenye baridi siku kadhaa ilainike. Angus wako ukimfanyia ya mnadani atakuwa mgumu vile vile. Na huyo mnunuzi wa mnada, anayempima ng'ombe kwa macho, atakulipa shilingi ngapi kwa mafuta asiyoyaona?

Sijataja kupe. Josho la kijiji mnalijua hali yake, na ndigana kali haimwonei huruma mgeni. Dume akifa mwezi wa pili, dola zangu zimekwenda na ng'ombe 14 hawapo.

Basi nachotoa ni hiki. Ng'ombe wabaki. Nitanunua dume la Boran, maana ranchi ya taifa inayofuga Boran iko hapo hapo Kongwa, mnaipita kila siku. Au tutafute Mpwapwa, chotara aliyetengenezwa na watafiti wetu kwa ukame wetu. Chanjo ya ndigana kali nalipa mimi. Kama kaka bado ana hamu na Angus, apandishe majike mawili kwa mirija, wale ndama waogeshwe kila wiki, madume wauzwe na miaka mitatu, tuone kwa macho.

Mama, mwambie asifungue zizi mpaka nipige Jumapili.