Maelezo Kwanza, Istilahi Baadaye

Wanakiswahili tumezoea kutangaza makongamanoni kwamba lugha yetu inajitosheleza kufundishia sayansi na hisabati. Hata hivyo, ni nadra kumwona mmoja wetu akichukua swali la hisabati na kulieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Aghalabu tunakomea kwenye orodha za istilahi. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba utaratibu huo ugeuzwe: maelezo yatangulie, istilahi zifuate.

Nilifikia msimamo huu likizoni huko Chepilat, kituo cha biashara kilicho mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira, kwenye barabara itokayo Sotik kuelekea Kisii. Mwanafunzi mmoja wa shule ya upili alinijia na swali: achore grafu ya mlinganyo 2x + y = 12 kwa kutafuta mahali mstari unapokata mihimili. Hatua zote alikuwa amezikariri kwa Kiingereza. Nilipomuuliza maana yake, alinijibu, "Kaka, hiyo huwa hatuulizwi."

Nikamrejesha sokoni, mahali ambapo Wakipsigis na Wagusii huuziana bidhaa kwa Kiswahili. Tuseme mama ana shilingi 600. Kilo moja ya maharagwe ni shilingi 100, na ya viazi ni shilingi 50. Kilo za maharagwe tuziite x, za viazi tuziite y. Basi 100x + 50y = 600; na tukigawanya kote kwa 50, tunapata mlinganyo ule ule wa daftarini.

Mama asiponunua viazi kabisa, y ni sifuri, naye atapata kilo 6 za maharagwe. Hapo ndipo mstari unapokata mhimili wa x, kwenye nukta (6, 0). Akiyaacha maharagwe, x ni sifuri, naye atapata kilo 12 za viazi: nukta (0, 12) kwenye mhimili wa y. Unganisha nukta hizo kwa rula. Kila nukta iliyo kati yake ni njia mojawapo ya kuzimaliza zile shilingi 600, mathalani kilo 3 za maharagwe na 6 za viazi. Nukta hiyo ya tatu hutumika pia kuhakiki kwamba mstari haukukosewa.

Hata upungufu wa mbinu hii ulielezeka. Mstari wa y = 2x hupita panapokutana mihimili, hivyo huikata yote miwili kwenye nukta moja, (0, 0). Nukta moja haitoshi kuonyesha mwelekeo. Sharti tutafute nyingine, kama vile (1, 2).

Wapo watakaosema kwamba mtihani wa Hisabati nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini sikumwambia mwanafunzi yule akitupe Kiingereza. Alipokwisha kuelewa, aliyarudia maelezo yale kwa Kiingereza, safari hii kwa maneno yake mwenyewe. Wengine watalalamika kwamba istilahi zetu ni za kukopa. Sifuri ni neno lenye asili ya Kiarabu, lakini hata neno la Kiingereza lenye maana hiyo lilitoka kwenye chimbuko lilo hilo. Kukopa hakujamzuia Mwingereza kuhesabu.

Isitoshe, katika mazungumzo yetu yote tulihitaji istilahi chache mno: mlinganyo, mhimili, nukta, sifuri na grafu. Yaliyosalia yalikuwa Kiswahili cha kila siku. Istilahi ambayo haijawahi kumsaidia mtu kueleza jambo hubaki kamusini.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Heshima hiyo haitamsaidia mtoto wa Chepilat iwapo sisi tunaoisomea lugha hii tutaendelea kuandikiana sisi kwa sisi. Napendekeza kila toleo la jarida hili litenge ukurasa mmoja ambapo mwanachama ataeleza somo moja la hisabati au sayansi, na mwalimu wa somo hilo alihakiki kabla ya kuchapishwa. Tumekwisha kutangaza kwamba Kiswahili kinaweza. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.