Tour de France 2026: Alpe d'Huez Mara Mbili, Jumamosi Ndiyo Noma
Msee wa Jomvu Kuu, kama kupanda Mazeras na baiskeli hukutoa kamasi, cheki hii: Tour inapanda Alpe d'Huez, kona 21, Ijumaa Julai 24, halafu inarudi kesho yake. Ijumaa naona watapimana tu. Jumamosi ndiyo itachoma watu, juu Galibier inakuja kwanza, mita 2,642. Unakumbuka 2013? Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliishiwa sukari mwilini hapo hapo Alpe d'Huez. Porte akamletea chakula muda wa kula umepita, wakalimwa sekunde 20. Bado jezi ya njano akabeba. Pogačar ana mataji manne, sawa, lakini Jumamosi akichelewa kula, Vingegaard hamngoji.