Aliyeshika kisu bado anasikia

Tarehe 24 Septemba 1987, mjini Memphis, jimbo la Tennessee nchini Marekani, mama mmoja alipiga simu polisi kuomba msaada. Mwanawe wa miaka 27, aliyekuwa na historia ya ugonjwa wa akili, alikuwa akijikata kwa kisu. Askari wakafika, wakamwamuru akitupe kile kisu. Hakukitupa. Wakampiga risasi, akafa. Mama aliomba msaada, akaletewa msiba.

Mwaka uliofuata polisi wa Memphis waliketi pamoja na familia za wagonjwa na wataalamu wa vyuo vikuu, wakaunda kikosi cha kushughulikia dharura za akili. Askari aliyejitolea alipewa mafunzo ya saa 40: kutambua dalili za ugonjwa, kumsikiliza mtu aliyechanganyikiwa, kumtuliza, kisha kumfikisha hospitali badala ya mahabusu. Mfano huo umeigwa na miji mingi ya Marekani na hata nje ya nchi hiyo. Hata hivyo, kila inapopendekezwa kwamba askari, muuguzi au afisa ustawi wa jamii afundishwe kazi hii, madai ni yaleyale, barazani na maofisini. Nitayajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Mgonjwa wa akili ni mtu hatari, dawa yake ni nguvu"

Mtafiti Jeffrey Swanson na wenzake walichambua takwimu za maelfu ya watu wazima nchini Marekani. Hesabu yao ilionyesha kwamba hata kama magonjwa makubwa ya akili yangetoweka yote leo, vitendo vya ukatili vingepungua kwa asilimia 4 hivi tu. Asilimia 96 ingebaki, mikononi mwa watu tunaowaita wazima. Mgonjwa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujidhuru au kudhuriwa kuliko kumdhuru mpita njia. Wapo wanaoshika panga kweli, na ni kwa ajili ya hao hasa mafunzo yanahitajika. Hatari ikiwapo, asiye na ujuzi huizidisha.

Dai la pili: "Mwenye wazimu hasikii, utazungumza naye nini?"

Hili ndilo dai linaloua, maana anayeliamini hajaribu kusema neno. Ukweli ni kinyume chake: mara nyingi mgonjwa anasikia mno. Kichwani mna sauti zinazomtukana na kumtisha, nje king'ora kinalia, majirani wanapiga kelele, na askari watano wanatoa amri tano kwa wakati mmoja. Akisimama kimya, tunasema amekaidi. Huenda bado anahangaika kuipambanua sauti yako na zile nyingine.

Katika mafunzo haya lipo zoezi ambalo kila mwenye mamlaka angepaswa kulipitia. Mwanafunzi huvaa hedifoni zinazomnong'oneza matusi na vitisho mfululizo, huku akitakiwa kujibu maswali mepesi au kufuata maelekezo ya kawaida. Ghafla jambo dogo humshinda. Hapo ndipo anapoelewa kwa nini "Lala chini!" haikutiiwa, na kwamba kuipaza zaidi kungeongeza kelele tu.

Kutokana na hapo huja kanuni ambazo mtu yeyote anaweza kuzishika. King'ora kizimwe na umati urudishwe nyuma. Azungumze mtu mmoja tu, ajitambulishe kwa jina, na amwite mgonjwa kwa jina lake. Aseme sentensi fupi, kisha anyamaze angoje jibu, hata likichelewa. Asibishane na zile sauti, wala asidanganye kwamba naye anazisikia. Inatosha kusema: "Mimi siisikii sauti hiyo, lakini naona inakutisha. Imekwambia nini?" Maneno hayo hayamtibu mtu. Yanampa sauti moja ya kushika katikati ya vurugu.

Dai la tatu: "Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, basi mdanganye tu"

Methali hii imewaponza wengi. Familia humwambia mgonjwa kwamba wanakwenda kumsalimia mjomba, gari likasimama mlangoni mwa wodi, wakamshika mikono na miguu. Siku hiyo mambo hufanikiwa. Safari ya pili hapandi gari, na ya tatu ndiyo anayoshika panga, kwa sababu amekwisha kujifunza kwamba kila anayemsemesha kwa upole ana kamba nyuma ya mgongo.

Mazungumzo yanayofundishwa yanakwenda njia nyingine kabisa. Ngazi inayotumiwa na wazungumzaji wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ina vidato vitano: kusikiliza kwa makini, kuonyesha kwamba umeuelewa uchungu wake, kuaminiana, kushawishi, na mwishowe mtu kubadili tendo. Kushawishi ni kidato cha nne. Sisi wengi huanza na hicho, tena kwa ukali, kisha tunashangaa kuanguka. Mzungumzaji aliyefunzwa haahidi asichoweza kutimiza. Ikiwa mgonjwa atafungwa pingu njiani, humweleza mapema na kumwambia sababu.

Dai la nne: "Ukimuuliza kama anataka kujiua, umempa wazo"

Hapana. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 haukuona ushahidi kwamba kuuliza kunaongeza fikra za kujiua, na ulionyesha kwamba huenda kunazipunguza. Kwa hiyo wanafunzi hufundishwa kuuliza bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Aliyekuwa na wazo hilo hupata mahali pa kulitua, na asiyekuwa nalo hujibu hapana.

Dai la tano: "Anayetaka kufa atakufa tu, leo au kesho"

Mtafiti Richard Seiden alifuatilia habari za watu 515 waliozuiwa wasijirushe kutoka daraja la Golden Gate, San Francisco, kati ya mwaka 1937 na 1971. Ripoti yake ya mwaka 1978 ilikuta kwamba takriban 94 kati ya kila 100 walikuwa bado hai, au walikuwa wamekufa kifo cha kawaida. Kilele cha kukata tamaa kilipita, maisha yakaendelea. Kevin Briggs, askari wa barabara kuu wa California, alisimama kwenye ukingo wa daraja hilohilo kwa miaka mingi akizungumza na watu waliotaka kujirusha, na karibu wote walirudi upande wa walio hai. Zaidi ya kusikiliza hakuwa na muujiza.

Kwetu Afrika Mashariki, aliyejaribu kujiua amewahi hata kuhesabiwa mhalifu. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mahakama ikikuambia kwamba mtu huyu si mhalifu, huwezi tena kumwendea kama unayekamata mwizi. Lazima ujue namna nyingine ya kumwendea, na namna hiyo hufundishwa.

Dai la sita: "Huo ni ulegevu, askari atauawa akipiga soga"

Mbinu hizi hazikuzaliwa kwa watu laini. Mwaka 1973 polisi wa New York waliunda kikosi chao cha kuzungumza na watekaji nyara, kikiwa na Harvey Schlossberg, mpelelezi aliyekuwa pia na shahada ya uzamivu ya saikolojia, na Frank Bolz. Januari mwaka huo majambazi walikuwa wamezingirwa dukani Brooklyn kwa takriban saa 47. Askari mmoja aliuawa mwanzoni mwa tukio. Hata hivyo polisi hawakuvamia, walingoja. Mateka walitoroka salama, na majambazi wakajisalimisha.

Funzo lake ni kwamba muda uko upande wa mwenye subira. Hasira huchoka, mwili huchoka, njaa huuma. Aliyefunzwa huzungumza akiwa mbali na kisu na akiwa na kitu cha kujikinga, wala hajiweki mahali ambapo njia pekee iliyobaki ni risasi. Mwaka 2000 Sam Cochran na Randolph Dupont, waasisi wa mpango wa Memphis, waliandika kwamba majeraha ya askari katika miito ya aina hii yalipungua baada ya mpango kuanza. Zipo saa ambazo maneno hushindwa, na hakuna mkufunzi mkweli anayeficha hilo. Lakini huwezi kusema yameshindwa kabla hayajajaribiwa.

Dai la saba: "Tukiwapa semina, tatizo limekwisha"

Hili ni dai la marafiki zetu, nalo linahitaji jibu kama mengine. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2019 yalikuta kwamba mafunzo haya huwaongezea askari uelewa na kujiamini na huboresha mtazamo wao, lakini ushahidi kwamba peke yake yanapunguza vifo ni mdogo. Tuuseme ukweli huo wenyewe kabla hatujasutwa nao.

Memphis haikutegemea darasa peke yake. Wapokea simu za dharura walifundishwa kuitambua simu ya aina hii na kumtuma askari anayefaa. Askari hawakulazimishwa kujiunga, walijitolea na wakachujwa. Tena hospitali ilikubali kumpokea kila mgonjwa aliyeletwa, bila kumrudisha. Pasipo mlango huo wa mwisho, maneno mema ya njiani huishia kituo cha polisi. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989 ilimtaka askari amfikishe mgonjwa hospitali ndani ya saa 24. Asipokuwa na wodi jirani, na hospitali ya akili ya Mathari iko mbali jijini Nairobi, saa hizo humkuta mgonjwa sakafuni mahabusu.

Kwa hiyo ombi langu lina sehemu mbili. Kwa wakuu wa vyuo vya polisi, vya uuguzi na vya ustawi wa jamii: ingizeni mafunzo haya katika mtaala, waiteni wagonjwa waliopona na mama zao wafundishe, na mkubaliane na hospitali kabla ya dharura badala ya kusubiri itokee. Na kwako msomaji: siku utakapolazimika kupiga simu kwa ajili ya ndugu yako, anza kwa kusema wazi kwamba ni mgonjwa. Taja jina lake, kama ameshika silaha, dawa anazotumia, na jambo gani humtuliza. Omba waje bila king'ora.

Saa 40 ni wiki moja ya kazi. Hakuna chuo kinachomfundisha askari kutumia bunduki ambacho kinaweza kusema kwamba wiki hiyo haipatikani.